Sinia la Mayai

Arusi ya Tima nusura ivunjwe na tumbo la samaki. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa ukumbini kwa mama yake, Bi Radhiya, karibu na birika la kahawa, mahali ambapo mtu husikia maneno ya pande zote mbili na kikombe chake hakikauki. Kwa hiyo haya ninayoandika si ya kuambiwa, isipokuwa pale nitakaposema nimeambiwa, na hapo mniamini nusu.

Kijiji chetu kiko kisiwani Pate, ukitoka Siyu kwa miguu ukashika ndia ya Chundwa. Nyuma ya nyumba mna mashamba ya mtama na simsim. Mbele mna hori, yaani ule ulimi wa bahari uingiao kati ya mikoko, na chini ya maji yake zimeota nyasi za bahari. Katika nyasi hizo ndimo anamoishi samaki aitwaye tafi. Tafi ana miba inayochoma kama ulimi wa wifi, na wageni humwogopa. Sisi tulimpenda na miba yake, kama tulivyowapenda waume zetu.

Basi palikuwa na ada. Mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia, ndio uliokuwa mwezi wetu wa arusi. Bwana arusi, kabla hajafunguliwa mlango, alimpelekea mama mkwe sinia la tafi wenye mayai. Wanawake walikaa duara mkekani, mama akashika kisu, akapasua matumbo mbele ya macho yote. Mayai yakimwagika manono, vigelegele vilipigwa, ikasemwa kijana huyu ana bahati na nyumba yake itajaa watoto. Tumbo likiwa tupu, basi ilikuwa zamu yetu sisi wapiga vugo, tunaogonga zile pembe za nyati arusini na kuimba. Mtungaji wa maneno ya kumcheka bwana arusi nilikuwa mimi, Esha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na ulimi wangu ulikuwa na miaka sitini. Wako wazee mpaka leo huzunguka nyuma ya msikiti wasipite mbele ya mlango wangu, kwa ajili ya tumbo moja tupu.

Bi Radhiya alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa ng'onda. Alinunua samaki pwani, akawapasua, akawatia chumvi, akawaanika juu ya vichaga vya miti ya mikoko, na wakikauka alipeleka mzigo wake Lamu mjini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mkono mwepesi wa kisu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Tima, na Tima alikuwa ameposwa na Hadi, mwana wa Bwana Husseini wa nyumba ya pili. Walikuwa wanatakana, hilo kila mtu alilijua, ila wenyewe walidhani ni siri. Tima aliniambia akimkosa Hadi atakaa ndani mpaka aote ukungu.

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nane, mwezi wa Rajab, jua kali la kaskazi, Bwana Husseini alipokuja kupanga mambo ya arusi. Akakaa, akanywa kahawa, akaanza na sinia.

"Sinia la Hadi litabebwa na watu wawili, Bi Radhiya. Nyavu za Hadi hazitoshi, nimeshamwambia Mahmud ayatege horini madema yake yote."

Bi Radhiya alisimama, akateremsha sahani ya kale iliyotundikwa ukutani, akaiweka mkekani. Kisha akatoka nje kwenye vichaga akarudi na tafi wakavu kiganjani mwake. Akawapanga sahanini. Wakakaa watatu, na pakabaki nafasi ya wa nne.

"Hii sahani niliolewa nayo," alisema. "Siku zile tafi mmoja aliijaza, na mkia ukalala nje. Hawa ndio wa leo. Na hawa ndio wakubwa."

"Bahari ina siku zake."

"Ina siku zake, naam. Na siku zake sisi twazipasua matumbo. Bwana Husseini, nakuomba kitu. Usiniletee sinia."

Nilisahau kumeza kahawa. Bwana Husseini aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mwanangu ana kilema gani, hata aje kwako mikono mitupu?"

"Hana kilema. Mahari ataleta. Sheria haikutaja samaki."

"Sheria haikutaja, lakini watu watataja. Watasema Husseini kamwozea mwanawe mwanamke wa bure." Akasimama, akatafuta viatu vyake. "Pasipo sinia, hapana arusi. Siyu wana mabinti, na mama zao wanakula mayai."

Akatoka. Nyuma ya pazia nikasikia pumzi ya mtu anayejizuia kulia, kisha akashindwa kujizuia.

Tima alitoka macho mekundu. "Mama, umenifukuzia mume kwa ajili ya samaki."

"Keti mwanangu," alisema Bi Radhiya. "Hadi ni mvuvi. Hana shamba, hana duka, ana hori lile tu. Kila Shaaban tunawatoa tafi majike pale pale wanapokusanyika kutaga. Mwaka juzi walikuwa wachache, mwaka jana wachache zaidi. Nikikuoza leo kwa vigelegele, mwakani utapika nini? Vigelegele?"

"Na nisipoolewa nitapika nini?"

Bi Radhiya akaondoa wale tafi, akairudisha sahani ukutani, nami nikaona Tima amesema kweli. Hata kama tafi wa Hadi wangeachwa, wangevuliwa kwa ajili ya arusi nyingine. Shaaban ile zilikuwa arusi kadhaa. Mama mmoja kukataa sinia ilikuwa sawa na kuteka bahari kwa kijiko.

Siku ya pili yake akaja Bi Nana. Bi Nana alikuwa mama yake Bwana Husseini, mzee sana, mdogo kama kikapu, na kila asubuhi alijikokota mpaka kwa Bi Radhiya kutafuna tambuu, kwa kuwa kwa mwanawe walimwekea chokaa kidogo. Alikuwa anasahau majina ya wajukuu, lakini chakula hakukisahau hata kimoja alichokula tangu azaliwe. Tulikuwa tunapasua samaki, tunazungumza habari ile ile, naye akatuuliza sinia gani hilo linaloliza watu.

"Sinia la mayai, Bi Nana. Kama lako uliloletewa."

"Mimi? Mimi niliyetewa halua."

Tukatazamana, mimi nikacheka kidogo. Nilidhani amechanganya arusi na Idi.

"Halua," alisema tena, akiona tunamfanya mjinga. "Sinia zima. Mato yangu yaliiona, na mikono yangu iliilamba, maana joto lilikuwa kali ikayeyuka yote. Ilikuwa kaskazi kama hii. Na shoga yangu Mwana Mbwarahaji, tulioolewa siku moja, naye halua. Na dada yangu, halua. Tafi tulimla baadaye, tukishatoka ndani."

Kisu cha Bi Radhiya kilisimama tumboni mwa samaki. 

"Na mimi," alisema kwa sauti ndogo, "niliolewa Shaaban, lakini kusi lilikuwa halijaisha. Marehemu mume wangu Fadhil alihangaika horini hata akapata tafi mmoja mwenye mayai. Mmoja. Mji mzima ulipiga kelele."

Mimi sikuona kitu hapo. Yeye alikuwa ameshaona. Akanieleza huku akiosha mikono, na nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa kuwa ni jambo jepesi na ndio maana tulilisahau.

Shaaban hutembea. Kila mwaka huja mapema kidogo kuliko mwaka uliopita, hata ikazunguka misimu yote, leo iko katika kusi, baada ya miaka iko katika kaskazi. Tafi hatembei nayo. Yeye hungoja kaskazi, maji yapate joto, ndipo hujaa mayai. Shaaban ilipokuwa inaangukia kusi, tafi mwenye mayai alikuwa adimu, na kijana aliyempata alistahili kusifiwa. Alivuliwa mmoja, wawili, na hori halikuhisi. Lakini sasa Shaaban ilikuwa imetambaa mpaka ndani ya kaskazi, kila jike horini alikuwa na mimba, na sisi, kwa kupenda sifa, tukawa tunawakomba wote pamoja na watoto wao. Wazee wa Bi Nana walipofikiwa na Shaaban ya kaskazi walibadilisha sinia, wakaleta halua. Shaaban ilipotoka kaskazi wakarudisha samaki. Sisi tulirithi sinia, tukasahau kwamba lilikuwa na msimu.

"Kwa hiyo sivunji ada," alisema Bi Radhiya. "Nairudisha. Shaaban ikitoka kaskazi, watoto wa Tima wataletewa mayai yao."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Nikasema, "Shoga, mji mzima umeokolewa na mroho mmoja." Bi Nana aliuliza ni nani huyo mroho.

Furaha yetu ilidumu mpaka alasiri. Ndipo akaja Mahmud.

Mahmud alikuwa fundi wa madema, ile mitego ya kusuka kama vikapu vikubwa, na mabwana arusi wengi hawakujua kutega. Walimwagiza yeye. Tafi wa mayai wa msimu mmoja walilisha watoto wake mpaka kusi lipite. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nasikia wataka tafi waachwe," alisema. "Vizuri. Bwana arusi umempa halua. Mama mkwe umempa halua. Mimi umenipa nini, Bi Radhiya?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa mzaha. Bi Radhiya akanigusa goti.

"Umesema kweli," alimwambia. "Samaki watakaozaliwa watakuwa wetu sote, lakini njaa ya kuwangoja itakuwa yako peke yako. Hiyo si haki. Nipe mpaka kesho."

Mimi nimeishi na watu wengi wenye akili, na wengine walisoma kunishinda, jambo ambalo si gumu. Wengi wao wakigundua jambo zuri hutaka mtu mwingine ndiye alilipie. Bi Radhiya aliingia ghalani kwake, mahali alipoweka mtama na mchele na simsim ya karamu ya Tima, chakula alichokusanya kwa kujinyima. Akaugawa mzigo ule sehemu mbili, akamwita binti yake.

"Nusu ni arusi yako," alisema. "Nusu ni ya Mahmud. Utakuwa na karamu ya sahani ndogo. Ukisema hapana, narudisha yote mahali pake na sitakulaumu."

Tima alipapasa magunia moja moja. Alikuwa msichana aliyeota karamu hiyo tangu akicheza upishi wa mchanga. "Mpe," alisema. "Lakini mwambie Esha asitunge wimbo juu ya sahani zangu."

Kesho yake Mahmud alipewa nusu yake, naye kwa nusu hiyo akakubali kusuka madema mapya yenye matundu mapana, ili wadogo wapate pa kutokea, na madema ya zamani akayatoa majini. Kisha Bi Radhiya akavaa buibui akazunguka nyumba zote zenye arusi. Kila nyumba aliiomba kitu kile kile: sinia la halua badala ya samaki, na kibaba cha Mahmud kutoka ghala la karamu. Mimi nilifuatana naye. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake nikitabasamu. Watu waliniona natabasamu, wakakumbuka pembe, wakakumbuka jamaa zao niliowaimba, wakaenda kutafuta kibaba.

Ilibaki nyumba moja, nayo ndiyo ya maana. Bila Bwana Husseini, nyumba nyingine zisingeshika ahadi, kwa kuwa yeye ndiye waliyemtazama. Na bila yeye Tima hana mume.

Alitupokea kwa adabu. Alisikiliza habari ya Shaaban na kaskazi mpaka mwisho, akazungusha kikombe chake.

"Ni maneno mazuri, Bi Radhiya. Lakini mwanamke akiletewa halua mahali pa mayai, ameletewa dharau. Mimi sitamdharau mtoto wako, na sitaki mwanangu achekwe. Nimemaliza."

Pembeni, juu ya kitanda cha kamba, kitu kama nguo zilizokunjwa kikajitikisa. Alikuwa Bi Nana.

"Babako alinidharau?" aliuliza.

Bwana Husseini akageuka. "Mama, wewe lala."

"Nimelala sana. Naliuliza tu. Babako aliniyetea halua, kwa mikono yake, ikawa yamtiririka mpaka kwenye kanzu. Kama ile ilikuwa dharau niambie, nipate kukasirika kabla sijafa. Na wewe uliyezaliwa kwa dharau hiyo, mbona umenenepa?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama dari, nikahesabu boriti, nikauma shavu kwa ndani mpaka likaniuma juma zima. Bwana Husseini aliinua kikombe akanywa. Kilikuwa kitupu, sote tuliona, akanywa hivyo hivyo.

Hadi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono nyuma, macho chini. "Baba," alisema, "kwa idhini yako. Halua najua kuibeba."

Kisha Bwana Husseini akasema, bila kumtazama mtu, "Iwe ya lozi basi. Kama ni halua, isiwe ya kubahatisha."

Arusi ikawa. Sahani zilikuwa ndogo na sikutunga wimbo juu yake, nimetimiza ahadi hiyo mpaka leo. Sinia la halua lilipoletwa, Bi Radhiya aliketi katikati ya duara, akashika kisu kile kile cha samaki, akakipasua kipande cha kati kama anavyopasua tumbo. Wanawake walitazamana, hawajui wafanye nini. Ndani mlikuwa na lozi. Akaiinua moja juu, akawaonyesha, uso mkavu kabisa. Basi vigelegele vikapasua dari, na Bi Nana akanyoosha mkono kabla ya kila mtu.

Sitasema wote walitii. Kijana mmoja, simtaji kwa kuwa wajukuu zake hunisalimia, alivua kwa siri, akaja na sinia la mayai kifua mbele. Tulimpokea kwa pembe:

Bwana arusi hodari, kavua mja mzito,
Kesho atakula nini, sahanini mna ndoto?

Watoto waliuimba njiani hata Ramadhani ikaingia. Hakutokea mwingine.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, na sipendi watu wanaosimulia kama vile samaki walirudi Ijumaa iliyofuata. Madema ya matundu mapana yalitoka yakiwa na maji. Vichaga vya Bi Radhiya vilikaa vitupu, kunguru wakavigeuza baraza. Alisuka mikeka, akauza bangili zake. Wako waliomwona kisimani wakasema kwa sauti, "Huyu ndiye aliyetufungia bahari," naye akajaza mtungi wake akaenda zake. Mwaka wa pili tulikula halua tena, huku tukinuna. Lakini mwisho wa kaskazi ile Hadi alirudi kutoka horini akamwambia mkewe, na Tima akaniambia mimi, kwamba nyasi za chini zinatembea. Alipozamisha macho akaona si nyasi. Ni tafi wachanga, wengi kama mtama uliomwagika.

Na mwaka wa tatu, kusi lilipoanza, Tima akiwa ndani na mtoto wake wa kwanza, arubaini haijatimia, Bwana Husseini alikuja mwenyewe kwa Bi Radhiya. Mkononi alikuwa na tafi mmoja, amempitisha ukindu kinywani. Nyuma yake alikuja Mahmud, na Mahmud siku hizo alikuwa hana nafasi ya kuumwa, watu wa Siyu na Chundwa wote wakitaka madema ya matundu mapana.

"Nimemletea mzazi mchuzi," alisema Bwana Husseini. Akakohoa. "Na hiyo sahani yako, kama bado iko ukutani."

Bi Radhiya aliiteremsha. Akamlaza tafi juu yake. Kichwa kiligusa ukingo huku, na mkia ukaning'inia kule nje. Tulikaa tukiutazama ule mkia kama watu wanaotazama mgeni aliyekuwa safarini miaka mingi.

Akashika kisu, akapasua tumbo mbele yetu, kama ada ilivyo. Hapakuwa na yai hata moja, yote alikuwa ameshayataga horini. Mlikuwa na mafuta tu, meupe, yamejaa mpaka kooni.

"Esha," Bi Radhiya aliniita, na pembe ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka. "Tumbo halina yai. Huna neno la kumwimbia mzee?"

Bwana Husseini alikaa wima, akangoja adhabu yake kama mwanamume. Nilimwacha angoje kidogo, maana sikupata nafasi nyingi kama ile. Kisha nikapiga kigelegele, kirefu, mpaka mtoto akaamka ndani, na Tima akanijibu kwa chake kutoka nyuma ya pazia.

Kilipotulia tukamsikia Bi Nana. Alikuwa amejongea mpaka kwenye sahani, akaichungulia upande huu na upande ule, akapapasa chini ya mkia.

"Na halua?" aliuliza. "Iko wapi halua?"